Maumivu Yameondoka, Ganzi Imebaki

Tulikuwa tumekwisha kuswali Alasiri, nami nilikuwa nimefika kwenye kona ya muuza kahawa, kijana mmoja wa madrasa aliponikimbilia akiwa ameshika ndala mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Umeacha ndala yako."

Nikamwitikia, nikatabasamu, nikataka kumwambia akamtafute mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba ndala zangu zote mbili nimezivaa. Kisha nikatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa na ndala. Wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi hadi katikati ya vidole, na kwenye ukingo wa nje wa unyayo kilikuwa kimeng'ang'ania kizibo cha soda, meno yake yamezama katika ngozi kama yanavyozama katika nta.

Nilikuwa nimetembea hatua zisizopungua hamsini, mguu mmoja ukiwa peku, na sikuwa na habari.

Muuza kahawa aliyaona yote hayo. Akaniuliza bila ubaya wowote, huku akisuuza vikombe vyake: "Mwalimu, si juzi umetuambia umepona?"

Swali hilo limenikalia kichwani kwa wiki tisa sasa.

## Nilichokiita kupona

Ni kweli nilikuwa nimewaambia hivyo. Kwa wiki kumi nzima nilikuwa na maumivu yaliyoanzia kwenye tako la kulia, yakashuka nyuma ya paja na kuishia kwenye kigimbi. Waliowahi kupata sayatika hawahitaji kuelezwa, na ambao hawajaipata hawataelewa hata wakielezwa. Nilijifunza kulala ubavu wa kushoto nikiwa na mto katikati ya magoti. Nilijifunza kushika ukuta kabla ya kupiga chafya. Halafu, katika wiki ya kumi na moja, maumivu yakaanza kupungua siku hadi siku, mpaka asubuhi moja nikaamka, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikayasubiri yaje kama kawaida yake, na hayakuja.

Nani asingesema amepona?

Nikazitoa raba zangu za mchakamchaka, nikazikung'uta vumbi. Kikundi chetu hukimbia kila Jumamosi alfajiri, kutoka Ngamiani hadi Raskazone, hapa Tanga, na kurudi, na nilikwisha kuwaandikia kwenye kundi la WhatsApp kwamba Jumamosi inayofuata wanihesabu. Ganzi ilikuwapo, na sikujificha: kidole cha mwisho, kile cha jirani yake, na ukingo mzima wa nje wa unyayo vilikuwa kama vimevishwa soksi nene. Lakini niliihesabu ganzi hiyo kuwa mabaki ya ugonjwa, kama kovu linavyobaki jeraha likifunga. Ganzi haiumi, na kisichouma, katika hesabu yangu ya siku zile, hakikuwa ugonjwa.

Ndala ndiyo iliyonitia shaka, na shaka yenyewe ilikuwa hii: je, maumivu yamekoma kwa sababu diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, imeacha kuubana mshipa wa fahamu, au yamekoma kwa sababu mshipa umechoka kupiga kelele?

## Ndoo

Sikuanguka, sikugongwa, wala sikubeba gunia. Ilikuwa Januari, maji yamekatika mtaani kwa siku ya tatu, nami nilikuwa nikichota kwa jirani mwenye kisima, dakika chache tu baada ya kutoka kitandani. Niliinama kuinua ndoo ya lita 20 iliyojaa, mgongo umepinda kama upinde, huku nimegeuka nusu kuitikia salamu ya mpita njia. Sikusikia mlio wowote. Kiuno kilikaza tu, nikasingizia uchovu. Mguu ulianza siku ya tatu, nilipopiga chafya.

Baadaye nilisoma habari za kipimo kilichofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1999. Watafiti walimwekea mtu mmoja aliyejitolea kihisio ndani ya diski yake ya kiunoni, kisha wakampima shinikizo akiwa amelala, amesimama, ameketi na anainua mzigo. Akilala chali lilikuwa megapaskali 0.1, na akisimama wima likawa 0.5. Alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa mgongo uliopinda lilifika 2.3, na alipouinua mzigo uleule kwa kukunja magoti likashuka hadi 1.7. Ni mtu mmoja tu, na mtu mmoja hatoshi kuwa sheria ya watu wote, lakini kilo 20 ni ndoo yangu kabisa, bila kuongeza wala kupunguza.

Hata saa niliyoichagua ilikuwa mbaya. Tunapolala, diski hufyonza maji na kutuna, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokuwa jioni, na diski iliyotuna hivyo hustahimili kuinama kwa shida zaidi. Tangu nilijue hilo, saa ya kwanza baada ya kuamka siinami kwa ajili ya kitu chochote, si kufunga kamba za viatu wala kuokota karatasi. Mazoezi ambayo zamani niliyafanya mara tu nikishuka kitandani, nikidhani kwamba mwili wa asubuhi ndio mwili bora, nimeyahamishia jioni.

## Picha

Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, nilikifuata Dar es Salaam, safari ya basi ya kilomita takribani 350, ambayo nusu yake niliimaliza nikiwa nimesimama na kushika chuma cha juu, kondakta akinishangaa kwa kuwa kiti nilikuwa nimekilipia. Majibu yalisema kwamba diski iliyo kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa sakramu ulio chini yake imechomoza kwa nyuma kuelekea kulia na kuubana mzizi wa neva, yaani wa mshipa wa fahamu, uitwao S1.

Kwa wasomaji wenye karatasi kama yangu, herufi hizo zina manufaa, kwa sababu kila mzizi una eneo lake mguuni. S1 huhudumia ukingo wa nje wa unyayo na kidole cha mwisho, na ndio unaokipa kigimbi nguvu ya kukuinua juu ya vidole. Mzizi ulio juu yake, L5, huhudumia sehemu ya juu ya wayo na kidole gumba, na ukidhoofika mtu huanza kuburuta mguu na kujikwaa kwenye vizingiti vya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo soksi yangu ya ganzi haikuwa imevishwa ovyo. Ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilitaja jina la mzizi uliobanwa kabla mashine haijautaja.

Picha yenyewe ilinitisha kuliko ilivyostahili. Kwa mwezi mzima nilitembea kama mtu aliyefungiwa yai kiunoni. Ningejua mapema kwamba mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za namna hiyo watu 98 wasio na maumivu ya mgongo, wakakuta zaidi ya nusu yao wana diski iliyotuna walau sehemu moja, na 27 katika kila 100 wana diski iliyochomoza, huenda ningepumua. Isitoshe, diski nyingi zilizochomoza husinyaa zenyewe miezi inavyopita, mwili ukikila polepole kile kilichotoka nje. Picha haikunidanganya. Ilionyesha diski ilivyokuwa siku ile, basi. Haikujua lolote kuhusu mguu wangu wa kesho.

## Niliyoyafanya kabla ya kuuliza

Nitayapitia haraka, kwa kuwa mengi yanatia aibu. Niliketi sakafuni, miguu nimeinyoosha, nikawa navuta vidole kila jioni, kwa sababu nilihisi mkazo nyuma ya paja nikadhani ni misuli. Kumbe ni mshipa wa fahamu wenyewe, uliokwisha kubanwa kule juu, nami nauvuta huku chini kama mtu anayevuta kamba iliyobanwa na mlango. Mkufunzi mmoja wa gym alinilaza chali akanifanyisha mazoezi ya kuinuka na kugusa magoti, mara thelathini, ili tumbo lipate kuushika mgongo. Nilimwita mwanangu wa mwisho anikanyage mgongo, kama sisi tulivyowakanyaga baba zetu. Na mhudumu mmoja wa afya aliniamuru nilale kitandani wiki mbili nisifanye chochote, ushauri ambao nao umekwisha kupimwa: mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 183 wa sayatika, ambao baadhi yao walilazwa kitandani wiki mbili na wengine wakaendelea na shughuli zao kwa kadiri walivyoweza, na waliolala hawakupata nafuu kuliko wenzao.

Linaloniuma hadi leo ni chupa.

Shangazi yangu, ambaye hakuna mtu anayenitakia heri kuliko yeye, alisema kuwa ganzi ni baridi iliyoingia mguuni, na baridi huondolewa kwa moto. Ushauri huo ulikuwa na mantiki yake, nami nilikuwa nimechoka. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa, nikaizungushia kanga, nikalala nimeiegemeza kwenye ukingo wa nje wa unyayo, palepale penye ganzi. Usiku kanga ikafunguka. Sikuamka. Alfajiri, nilipokuwa natia udhu, kidole changu cha mkono kilipopita katikati ya vidole vya mguu kilikuta kitu laini kilichojaa maji. Lilikuwa lengelenge, kubwa kuliko sarafu ya shilingi mia, na pembeni yake ngozi imekuwa nyeupe.

Ukiunguza mguu usio na ganzi, wenyewe hukuamsha. Huu wangu uliungua kimya, na mimi nikaota ndoto.

Kidonda kilichukua wiki tatu kufunga. Nilipaswa kukisikiliza, kwa kuwa kilinieleza mapema jambo ambalo ndala ililirudia baadaye: ngozi iliyokufa ganzi haina tena mlinzi, na kila kitu ambacho mwenyewe ningekikwepa bila kufikiri, sasa ni lazima nikikwepe kwa kufikiri.

## "Nionyeshe mnavyorukuu"

Siku iliyofuata ile ya ndala, badala ya kungoja Jumamosi ya mchakamchaka, nilirudi kwa mtaalamu wangu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Ni binti ambaye hajafika miaka thelathini, mpole, mwenye daftari la mistari ambalo ndani yake kila mgonjwa ana ukurasa. Aliniambia nishike ukuta kwa vidole viwili, nisimame kwa mguu mmoja, niinuke juu ya vidole, nishuke, nirudie. Wa kushoto nilifika ishirini, akanizuia. Kisha wa kulia.

Kisigino hakikutoka sakafuni.

Nilijaribu tena. Nilihisi paja likikaza, bega likipanda, hata taya nimeliuma, lakini kisigino kilibaki pale kama kimepigiliwa msumari. Akarudisha kurasa nyuma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wiki mbili zilizopita mguu huu uliinuka mara sita. Nimeandika hapa."

Wiki mbili hizo ndizo maumivu yalipokuwa yakiondoka.

Hapo ndipo aliponieleza lile ambalo ningependa kila mwenye diski iliyochomoza alijue kabla ya kuvaa raba zake. Maumivu, hisia na nguvu ni vitu vitatu, na kila kimoja hupimwa peke yake. Mara nyingi hupona kwa pamoja au kwa kufuatana, maumivu yakitangulia, na hiyo ni heri. Lakini maumivu yakishuka huku nguvu nayo inashuka, hiyo si nafuu; mshipa unazidi kudhoofika. Ilinibidi nionane na daktari siku hiyohiyo. Aligonga ukano wa kisigino cha kushoto kwa kinyundo cha mpira, wayo ukaruka. Akagonga wa kulia, ukatulia tuli. Tulizungumza habari za upasuaji kwa muda mrefu, na sitadai kwamba niliyasikiliza yote kwa utulivu. Makubaliano yalikuwa kwamba nguvu ipimwe kila baada ya siku mbili. Ikishuka tena, au ganzi ikipanda, hakuna kungoja. Ikisimama au ikirudi, tutaendelea na mazoezi.

Jumamosi ile kikundi kilipita mbele ya nyumba yangu wakiimba. Nilikuwa dirishani. Hadi sasa hujiuliza ningekuwa wapi leo, kama kijana yule wa madrasa angekuwa mvivu wa kukimbia.

Kazi ya kwanza aliyonipa binti yule ilikuwa kujifunza kuinama upya, yaani kuinamia kwenye nyonga na si kwenye kiuno. Alinionyesha, nikashindwa. Akanipa fimbo nijiwekee mgongoni iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa kitakoni, nikashindwa pia. Kila nikishuka fimbo inaachia. Alikaa akanitazama, kisha akasema, kwa uangalifu wa mtu asiye wa dini yako: "Mwalimu, samahani. Hebu nionyeshe mnavyorukuu."

Nikarukuu.

Si ile rukuu ya haraka ya Adhuhuri, wakati kengele ya vipindi inakaribia kulia. Nilirukuu kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka saba, na maalimu aliyetupitia mmoja mmoja na kutuambia kwamba mgongo ulale sawa kiasi kwamba ukiwekewa bakuli la maji lisimwagike. Mikono magotini, shingo mstari mmoja na uti wa mgongo, nyonga nyuma. Binti akaweka fimbo yake. Iligusa sehemu zote tatu.

"Hapo hapo," akasema. "Sasa lainisha magoti kidogo, usiyakaze, ili usiuvute ule mshipa. Basi. Hivyo ndivyo utakavyochukua ndoo, utakavyofungua droo ya chini, utakavyonawa uso."

Rakaa 17 za faraidhi kwa siku, na katika kila moja rukuu yake, kwa takribani miaka arobaini. Na kitu nilichokuwa nikikitafuta kwenye video za intaneti nilikuwa nikikifanya mbele ya watu, tena kwa uzembe.

## Yanapopanda na yanaposhuka

Swali lililonisumbua zaidi ya yote lilikuwa jepesi kulitamka: nitajuaje kuwa zoezi hili linanisaidia na lile linaniumiza? Kanuni ya "likiuma acha" haikunitosha, kwanza kwa sababu mgongo uliokaa bila kazi huuma kidogo kwa lolote utakaloutendea, na pili kwa sababu mguu wangu ulikuwa umepoteza ulimi.

Jibu nililopewa ni kutazama mahali maumivu yalipo kabla ya kutazama ukali wake. Yakiondoka kwenye kigimbi na kupanda pajani, kisha takoni, kisha yakakusanyika kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kuliko jana. Yakishuka, hata yakiwa mepesi, zoezi hilo si lako kwa sasa. Jambo hili lilianza kuangaliwa kwa makini na mfiziotherapia wa New Zealand, Robin McKenzie, ambaye mwaka 1956 mgonjwa wake mwenye maumivu ya mguu alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichokuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kifua, akakaa hivyo dakika kadhaa kabla mtu hajamwona, na alipoinuka maumivu ya mguu yalikuwa yameondoka. Mimi nami hulala kifudifudi, kwanza nikiegemea viwiko, kisha nikijiinua kwa mikono huku nyonga zikibaki mkekani. Kwangu hupandisha. Jirani yangu mmoja, mzee ambaye uwazi wa uti wake wa mgongo umesinyaa ukabana neva, alijaribu vilevile na miguu yote miwili ikawaka moto. Yeye hupata nafuu akiinama. Kwa hiyo nisinukuliwe kuwa nimemwambia mtu alale kifudifudi. Nimesema tu kwamba atazame yanaelekea wapi.

Mengine ni ya kawaida, na uzuri wake ni huo ukawaida. Hupiga magoti na kuweka viganja chini, nikanyoosha mkono wa kushoto na mguu wa kulia kwa sekunde kumi, nikabadilisha, bila kuacha kiuno kibonyee. Hulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko. Hutembea, na kutembea huko ndiko kulikonifaa kuliko vyote, mradi niwe nimekugawa: dakika kumi mara nne kwa siku, si dakika arobaini kwa mkupuo mmoja. Mkupuo wa arobaini nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili kigimbi kilinijibu usiku.

## Mguu usiosema

Wengi wanaoandika juu ya mazoezi ya mgongo husahau mguu. Mimi mguu ndio uliokaribia kuniponza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ndala nimeziacha, isipokuwa za bafuni. Mguu wenye ganzi hauwezi kuzishika, kwa kuwa ndala hushikwa kwa kubana vidole, na kubana kunahitaji kuhisi. Navaa raba zenye kisigino kilichofungwa, tena kabla ya kuingiza mguu naingiza mkono, baada ya siku moja kukuta ndani yake kifutio cha mwanangu ambacho nilikuwa nimekikanyaga tangu asubuhi hadi kengele ya saa nane. Kila usiku naukagua unyayo kwa mwanga wa simu, na katikati ya vidole naukagua kwa mkono. Ufukweni, ambako zamani nilitembea peku nikijidai, sasa sivui viatu. Mchanga wa Raskazone una mawe yenye ncha na makombe yaliyovunjika. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja nayafanya karibu na ukuta, nikitazama chini, kwa sababu macho yameazimwa kazi ya unyayo. Mashine ya kukimbilia gym sitaipanda mpaka mguu urudi, maana mkanda wake haungojei mtu atafute mahali wayo ulipo.

Pikipiki nimeiegesha. Breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia, na mimi nilikuwa nikiikanyaga bila kujua kama nimeigusa au nimeikandamiza. Jambo hili halikunijia kwa busara. Lilinijia kwenye makutano, mbele ya mama mwenye beseni la samaki kichwani, ambaye naomba anisamehe popote alipo.

Kisha kuna zile dalili ambazo hazingoji miadi wala maoni ya ndugu. Ganzi ikiingia sehemu unazokalia, mapajani kwa ndani na sehemu za siri. Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila kujua. Haja kubwa ikishindwa kuzuilika. Nguvu ikipotea ghafla mguu mmoja au yote miwili. Hapo ni fungu la neva za mwisho wa uti wa mgongo, lile ambalo madaktari huliita kwa Kilatini mkia wa farasi, ndilo linalobanwa, na kila saa ina thamani. Mtu aende hospitali kubwa usiku huohuo. Kwetu maneno haya husemwa kwa kunong'ona, na watu wameumia kwa sababu ya kunong'ona huko.

## Kiti cha safu ya nyuma

Kwa wiki kumi na mbili niliswali kwenye kiti, safu ya nyuma, pamoja na wazee. Ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi nilikuwa naifundisha wengine. Kuikalia mwenyewe nikiwa na miaka 46 lilikuwa jambo jingine. Mzee mmoja alinisogezea kiti chake siku ya kwanza, akaniambia, "Karibu, kijana," na wote wakacheka, nami nikacheka, lakini sikuwa nacheka.

Kuondoka kwenye kiti nilikuanza na rukuu, ambayo mgongo uliipokea mapema. Sijda ilichelewa zaidi kwa sababu ya kule kushuka na kupanda. Kilichonishinda kabisa ni kikao cha tahiyatu, ambacho sisi wanaume husimamisha wayo wa kulia, vidole vikiwa vimekunjwa kuelekea kibla. Wangu haukusimama. Ulilala ubavu kama mtoto anayekataa kuamka, na mimi nilikuwa siwezi hata kujua umelala, mpaka nigeuke kuutazama, na katika swala hakuna kugeuka. Mwanangu ndiye aliyeniambia.

Nguvu ilianza kurudi katika wiki ya tatu baada ya ndala. Haikurudi kwa kishindo: kisigino kilipanda unene wa daftari, kikashuka. Hisia ni polepole zaidi. Nyuzi za neva zilizobanwa tu huamka mapema, lakini zilizokufa huota upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni mwangu hadi kidole cha mwisho ni kama mita 1. Hesabu hiyo niliifanya ubaoni baada ya wanafunzi kutoka, nikaifuta upesi. Kila nikimaliza kutia udhu napitisha maji ya bomba juu ya mguu wa kushoto, kisha wa kulia, nikiangalia ubaridi unakomea wapi. Mwezi uliopita ulikomea kwenye kidole cha kati. Sasa unavuka hadi cha nne, ingawa hufika ukiwa kama habari ya mbali.

Jioni, kwenye kizingiti cha mlango wa uani, nashika fremu kwa vidole viwili na kuinuka. Mwanangu wa mwisho ndiye mwamuzi, na ana kalamu na daftari kama la fiziotherapia. Wa kushoto hauhesabu tena, anasema ni kupoteza muda. Jana wa kulia alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, nami nikajikamua nikapanda tena na kutua nikiwa natweta.

"Tano," nikasema.

Akatazama kisigino, akatazama daftari, akatikisa kichwa. "Baba, hiyo uliinama goti. Naandika nne."